Tundu Kwenye Chungu cha Mama

Fundi wa jipsamu aliyekuwa akitengeneza dari ya duka la jirani alimwaga unga wake mweupe kwenye ndoo, akaongeza maji, akaanza kuukoroga kwa kipande cha mbao. Harufu ikaingia mlangoni kwangu. Si harufu kali. Ni kama chokaa iliyolala kwenye baridi, na ndani yake kuna uvuguvugu kidogo, maana unga ule ukikutana na maji hupata joto kabla ya kukauka. Nilikuwa nashona sare za kwaya. Nikasimamisha cherehani. Nikajikuta nimekaa, mikono mapajani, kama mtoto aliyeambiwa asubiri, na kwa muda mrefu sikujua nasubiri nini.

Mimi ni fundi nguo hapa Makambako. Sikufundishwa na mtu. Nilifumua nguo kuukuu nikaona zilivyounganishwa, baadaye nikaangalia video kwenye simu. Wateja wanasema nina mkono safi. Hawajui kwamba gauni moja naweza kulifumua na kulishona upya mpaka kitambaa kichoke, na kwamba mteja akiondoka nalo namsindikiza kwa macho mpaka anapotea, nikitazama pindo. Nikilala namwona kanisani amelivaa, na pindo limepanda upande mmoja. Hata maandishi haya nimeyafuta na kuyaanza upya kiasi cha kujionea aibu. Sisi wa rika hili tuliokulia huku kwenye baridi tunapenda kusema tabia zetu tumerithi kwa wazazi. Yangu naweza kukuonyesha nilikoiokota. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, nikiwa darasa la pili, barabara ya mchepuo ilipokatwa nyuma ya kilima cha kijijini kwetu, kwenye njia ya kwenda Njombe.

Kilima chenyewe hakikuwa na sifa yoyote. Tulichungia mbuzi pale. Siku katapila lilipokula ubavu wake, udongo mwekundu ulifunguka na katikati yake ukaonekana mstari mweusi, mnene kama godoro, umejaa vigae vya vyungu na mabonge mazito yenye matundumatundu ambayo watu wazima waliyaita mavi ya chuma. Sisi watoto tulilipenda jina hilo kuliko kitu chenyewe. Walikuwapo watu pale zamani sana, wakiyeyusha chuma na kufinyanga, kabla ya mababu wote ambao Bibi aliweza kuwataja. Mpaka mtu mmoja alipopiga simu panapohusika, nusu ya kilima ilikuwa imeshapanda malori ikaenda kufukia bonde. Vyungu vya nusu ile viko chini ya lami hadi leo. Nikipita pale kwenye gari huwa nainua nyayo kidogo, kama mtu anayepita juu ya mkeka wa wengine.

Upande uliobaki kazi ilisimamishwa, wakaja watu wa mambo ya kale na mahema yao. Walipewa muda wa likizo ile tu, wakusanye watakachoweza, kisha greda lipite. Wakaajiri watu wa kijijini kuchimba na kuchekecha. Baba akawa mmoja wao.

"Watu wazima wanachekecha udongo siku nzima kama unga," alisema Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa akinilea, "na jioni hawapiki hata ugali wake."

"Wanatafuta vitu vya zamani, Mama," Baba akasema.

"Mimi hapa ni wa zamani. Mbona hawaji kunichekecha mimi?"

Bibi alikuwa anashinda shambani akivuna mahindi, na mimi nilikuwa mtoto wa kuumwa kifua ambaye hakuaminika kwenye umande. Kwa hiyo Baba akanichukua, akaniweka karibu na jiko la mkaa, penye hema la kuoshea vigae, na kuniambia nisiguse kitu. Aliyekuwa na hema lile alikuwa Dada Neema, msichana mrefu kutoka Dar es Salaam, aliyevaa soksi mbili juu ya mbili na bado akatetemeka.

"Hivi nyie huku jua mnaliona lini?" alimuuliza Baba asubuhi ile, ukungu ukiwa umetufunika hata chekeche hatulioni.

"Lipo kwenye kalenda," Baba akamjibu. "Kuna picha yake."

Dada Neema alicheka mpaka akamwaga maji. Akanitazama nilivyokuwa nimekunja mikono, akanipa mswaki mpya, bado uko kwenye karatasi yake. Mswaki ule niliuona kama cheo. Akanifundisha: shika kigae ndani ya maji, sugua uso wake polepole, usisugue pembeni. "Hapo pembeni ndipo kinapomtambua mwenzake," alisema. "Ukipalainisha, hakitamjua tena."

Maneno yale niliyapokea kama amri za kanisani. Wengine wakiosha ndoo nzima, mimi nilikuwa bado na vigae vichache, lakini vyangu havikurudiwa. Maji yalikuwa baridi ya kuuma mifupa. Kila kigae kilipolowa kilitoa harufu ya mvua ya kwanza. Vikikauka, Dada Neema alipaka kila kimoja tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, juu yake akaandika namba kwa kalamu nyembamba. Kisha ikafika kazi niliyoipenda kuliko zote: alijaza karai mchanga, akavisimamisha vigae ndani yake, akaanza kuvijaribisha kimoja na kingine. Kipande kikipata mahali pake hulia kidogo, mlio kama wa jino dhidi ya jino. Mara nyingi kilichotokea ni mdomo wa chungu peke yake, au bega, na mchanga ukishika nafasi ya vilivyokosekana. Lakini siku moja chungu kimoja kidogo kikaja karibu chote. Kilianza asubuhi kikiwa rundo. Jioni kilikuwa na tumbo.

Dada Neema alikiinua, akakigeuza, akatazama chini. Kitakoni palikuwa na tundu la ukubwa wa sarafu.

"Hiki hakikuvunjika hapa," alisema. "Kilitobolewa. Ona, pamepigwa kutoka nje, taratibu. Mtu alikaa akakitoboa."

"Kuna mtu alikufa," nikasema.

Akanitazama. "Nani kakwambia?"

Nilimuuliza, "Mtaliziba?"

"Tukipata kipande chake tutakirudisha," alisema, kwa namna watu wazima wanavyowajibu watoto huku akili yao iko kwenye kazi, akaendelea kuandika.

Hapa lazima nieleze. Kwa upande wa Bibi, mwanamke akizikwa, chungu chake cha kupikia hutobolewa kitako, kikafunikwa juu ya kaburi upande wa kichwa. Mwinjilisti wetu hakukipenda kitendo kile, lakini alikuwa na ubinadamu wa kuangalia miti mpaka kimalizike. Mama alifariki nikiwa sijaanza shule. Aliumwa, akapelekwa hospitali, akarudi ndani ya jeneza. Sura yake siku ile siikumbuki. Nakumbuka mlio. Bibi alikuwa amepiga magoti, amekilaza chungu cha Mama mapajani, anagonga msumari mrefu kwa jiwe, kidogo kidogo ili kisipasuke chote. Nikamuuliza kwa nini anakiharibu.

"Asirudi kuhangaika na jiko," alisema bila kuinua macho. "Apumzike."

Bibi alitaka kusema jambo la upole, na ninaamini alijisemea yeye mwenyewe zaidi kuliko mimi. Lakini mtoto huchukua anachoweza kubeba. Mimi nilibeba hili: kwamba Mama angeweza kurudi, na kwamba tundu lile ndilo lililomzuia. Sikumwambia mtu. Nilikaa na jambo hilo miaka yote ile kama mtoto anayejua ufunguo unawekwa wapi lakini hafiki pale juu. Na sasa mtu mwenye kalamu nyembamba na glavu alikuwa ameniambia kwamba matundu ya namna ile yanazibwa.

Kuanzia hapo nikawa wa chekecheni. Dada Neema aliniruhusu, maana macho yangu yalikuwa makali na nilikuwa kimya. Nilitafuta kipande cha duara. Niliokota kila kitu: shanga, meno ya mbuzi, vipande vya mirija ya udongo ambamo moto wa chuma ulipulizwa. Wanaume walinitania. "Huyu akipata dhahabu atatuficha," alisema mmoja. Mwingine akasema, "Mwacheni, mwenzenu anatafuta mchumba." Mimi nilitafuta kipande cha duara mpaka vidole vikapasuka kwa baridi.

Wakati huohuo Baba akaniletea habari nyingine. Tulikuwa tunakula viazi vya kuchemsha, yeye, Bibi na mimi. Alikuwa amemenya kiazi akakishika tu, hakukila.

"Jumamosi tunahamisha kaburi la mama yako," alisema. "Barabara inapita pale. Tutampeleka makaburi ya kanisani, kule juu."

"Watalifungua?" nikauliza.

"Watalifungua, mwanangu. Usiogope. Hutakuwa na haja ya kuwa karibu."

Bibi akaongeza kwamba chungu ameshakitoa kaburini, kipo uani chini ya paa, kitakwenda pamoja na mwenyewe. Baba alidhani nimenyamaza kwa hofu, akanisogezea chumvi. Sikuwa na hofu. Nilikuwa nahesabu kazi. Kaburi lingefunguliwa. Chungu kilikuwa nyumbani. Kilichobaki ni tundu, na mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Kesho yake nilimwambia Dada Neema kwamba kipande cha kile chungu kidogo sikioni. Nililia nikimwambia, akashtuka, akaniketisha juu ya sanduku la vifaa.

"We mtoto, ndicho unachotafuta siku zote hizi? Hakipo. Ukigonga chungu hivyo hakitoki kipande. Kinatoka unga. Ule unga umeshakuwa udongo, hata chekeche haliushiki."

"Sasa mnaziba na nini?"

Akafungua kopo, akanionyesha unga mweupe. "Plasta. Kile chetu tutakiacha na tundu lake, lakini kikiwa kimevunjika vibaya tunajazia hii kisimame."

Mchana wake, watu wakila, nilikimbia nyumbani nikarudi nimekumbatia chungu cha Mama. Kilikuwa cheusi, kina moshi wa miaka, na ndani kulikuwa na jani kavu na buibui. Baba alikuwa amekaa na wachimbaji upande wa pili wa mkato, hakuniona.

"Hiki si cha zamani," alisema Dada Neema akikigeuza.

"Ni cha mama."

"Na chenyewe kimetoboka! Umekuja kunipa kazi." Alitabasamu. Alikuwa amenihurumia kwa machozi ya asubuhi, na nadhani alitaka nione kitu kikikamilika. Akachanganya plasta kwenye kikombe. Harufu ile ikapanda, na nilipogusa kikombe kilikuwa na joto kama mkono wa mtu. Akaweka kitambaa kwa ndani, akajaza tundu, akasawazisha kwa mwiko mdogo. "Ila mwambie mama asikiweke motoni, sawa? Hii ni ya kutazama tu. Moto utaitoa."

"Nitamwambia akija," nikasema.

Hakuuliza anatoka wapi. Kulikuwa na mama wengi pale kijijini waliokuwa mbali, kwenye mashamba ya miti, kwenye chai, Ludewa kwa ndugu. Hakuwa na sababu ya kuuliza. Nimemfikiria sana yule dada, na kila nikimfikiria naomba asijue kamwe alichokiziba siku ile.

Plasta ilikuwa nyeupe kwenye chungu cheusi, kama jicho. Sikuridhika. Nikaenda nacho nyuma ya nyumba, nikailainisha kwa kidole chenye maji, kisha kwa jiwe la mtoni, kisha kwa kitambaa. Nikapaka masizi ya jikoni na mafuta kidogo ya alizeti, nikafuta, nikapaka tena. Kila siku iliyofuata nilikirudia. Nilikitazama asubuhi kukiwa na ukungu, nikakitazama mchana, maana mwanga wa mchana hausamehe. Niliona ukingo mwembamba, nikausugua. Niliamini kwa moyo wote kwamba ikionekana, haijakamilika, na kama haijakamilika, Mama hatapita. Bibi alifikiri nacheza mapishi. Siku moja alipita na tenga la mahindi, akasimama, akasema, "Cheza taratibu, hicho si cha kucheza," lakini hakukichukua. Labda aliona ni vizuri kwangu kuwa nacho.

Ijumaa watu wa mambo ya kale walipakia. Hawakuwa wamemaliza. Hata mimi niliona mstari mweusi ukiendelea kuingia kilimani, na Dada Neema alisimama akiutazama, mikono kiunoni, akiwa na uso wa mtu anayeondoka hospitali na kumwacha mgonjwa. Maboksi yalijaa gari. Kile chungu kidogo kilifungwa kwenye magazeti na tundu lake. Aliponikumbatia alinuka mkaa.

"Mama alisemaje kuhusu chungu chake?"

"Bado hajakiona."

"Akikiona atafurahi. Una mkono wewe." Akaingia garini.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, na nyasi zilikuwa na barafu nyembamba inayolia ukiikanyaga. Nilichukua birika nikachemsha maji, nikayapooza kwa mengine mpaka yakawa ya kuogea. Kisha nikafungua sanduku la bati la Bibi, nikatoa sweta la Mama, la kijani, lenye vifungo vya mbao. Nilifikiri hivi: mtu aliyekaa ardhini muda wote huo atakuwa na udongo, na atakuwa na baridi. Nilibeba birika mkono mmoja, sweta begani, nikashuka mpaka kaburini.

Walikuwapo wanaume wachache wenye glavu, Baba, na Mjomba, kaka yake Mama. Mwinjilisti alikuwa amefunga koti mpaka kidevuni. Bibi alikuwa amekaa juu ya kanga, chungu kiko mbele yake. Walikuwa wameshafika chini sana, na mmoja alikuwa ndani, anaonekana mabega tu.

"Kamwene," nikawasalimu, kama nilivyofundishwa.

"Kamwene, mama," akaniitikia Mjomba. Alikuwa na macho mekundu lakini akajitahidi kutabasamu. "Umetuletea chai? Mungu akubariki."

"Siyo chai. Ni maji ya Mama ya kuoga."

Jembe likasimama. Baba alinigeukia polepole.

"Maji ya nani?" Bibi akauliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Ya Mama. Anaweza kutoka. Tundu limeshazibwa."

Bibi alikitazama chungu, akakigeuza kitako juu. Macho yake hayakuliona tundu. Nilimtazama akilitafuta, na moyo wangu ukapanda kwa fahari, nikajua kazi yangu ni safi. Kisha akapitisha kidole gumba. Kikapita, kikarudi, kikasimama mahali palepale. Plasta haina ubaridi wa udongo uliochomwa, na kidole kilichopika miaka sitini hakidanganyiki. Bibi aliinama akaweka paji la uso juu ya chungu, akakaa hivyo.

Hakuna aliyenieleza kitu. Kazi ilikuwa imefika mahali ambapo haiwezi kuachwa. Mwinjilisti akaanza kuomba kwa sauti ya chini. Yule aliyekuwa ndani alipokea kitambaa cheupe, akainama, akainuka, akainama. Halafu wakapandisha kisanduku cha mbao. Kilikuwa kifupi kuliko mimi.

Nilikitazama, na nilichokiona ni karai la mchanga. Niliona mdomo wa chungu bila tumbo, vipande vichache vimesimama, na nafasi zote zile za vilivyokosekana.

"Baba," nikasema, "mmechekecha udongo?"

Mjomba akageuka akaenda kusimama nyuma ya mti. Baba alinitazama. Kisha, mbele ya watu wote, akavua koti lake, akashuka kwenye lile shimo, akapiga magoti. Nilimwona akichota udongo kwa viganja viwili na kuupitisha katikati ya vidole, polepole, kama alivyofanya kilimani siku zote zile, akitupa jiwe, akitupa mzizi, akichota tena. Hakuharakisha. Wanaume wenye glavu walisubiri. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka alipotoka, magoti yakiwa mekundu.

"Tumechekecha, mwanangu," alisema. "Yumo wote."

Basi, ikiwa yumo wote na bado hakusimama, palikuwa na sababu moja tu niliyoweza kuiona. Kidole cha Bibi kilikuwa kimeikuta plasta. Ningesugua siku moja zaidi, ningechanganya masizi vizuri zaidi, kisingeikuta. Sikulia kwa sababu Mama amekufa. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekaribia. Bibi hakukitoboa tena chungu kile. Alisema mkono uliokitoboa mara ya kwanza hauna nguvu ya mara ya pili, akakifunika juu ya kaburi jipya kikiwa kimezibwa. Mvua za mwaka ule zilipoanza, plasta ilivimba, ikamomonyoka, tundu likafunguka lenyewe. Nililiona siku ya ibada ya wafu. Wengine wote waliona chungu cha kaburini. Mimi niliona kazi yangu mbovu, na sijui kama nimewahi kuona kitu kingine tangu hapo, kwenye chochote nilichokishika. Akili yangu ya mtu mzima inajua kila kitu kinachopaswa kujulikana. Najua mifupa ni nini, najua miaka hufanya nini kwenye udongo wenye unyevu. Mikono yangu haijui.

Lakini asubuhi ile tulikuwa bado na njia ya kupanda. Baba alikuwa amekipakata kisanduku kama mtu anayepakata mtoto aliyelala. Nilimwambia Mama atapata baridi. Hakunibishia. Alichuchumaa, akachukua sweta begani mwangu, akakizungushia. Lilikuwa kubwa mno kwa kisanduku kile. Vifungo vilifungwa upande wa pili, na mikono yote miwili ikabaki inaning'inia. Nikashika mkono mmoja. Tukapanda hivyo, Baba akitembea polepole kwa ajili yangu, Bibi nyuma yetu na chungu chini ya kanga, na mimi nimeushika ule mkono wa sufu nikihakikisha hauburuziki kwenye umande.

Kule juu shimo lilikuwa limeshachimbwa. Mwinjilisti akasoma, wakaimba ubeti mmoja, Baba akapiga magoti ukingoni na kuanza kukiteremsha kwa wale waliokuwa chini. Mkono wa sweta ukavutika, nikainama nao, nikalala kifudifudi kwenye udongo mpya ili usiniponyoke.

"Achia, mama," Baba akaniambia.

"Nataka nimshike mpaka mwisho."

"Mwisho ni hapa," alisema, na uso wake ulikuwa karibu sana na wangu, na pumzi zetu zilikuwa moshi mmoja. Nikafungua vidole.